Maksai wa Kisilu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwongeli alimpeleka Kijivu kunywa maji, kisha akamsugua shingo pale nira ilipomkwaruza. Maksai huyo alikuwa wa kaka yake, Kisilu, aliyemfunza kuvuta plau. Masika yaliyopita, Kisilu alichukuliwa na mto akivuka kwenda shuleni Thika. Daraja halikuwapo.

Mwaka huo wa 1957, kanisa la Gatuanyaga lilitangaza mnada wa kuchangia karakana mpya za shule ya uhandisi, katika chuo kimoja cha Nairobi. Baba yake, Nzioka, alisimama mbele ya watu.

"Mimi natoa maksai wa Kisilu," alisema. "Wafunzwe vijana wa kujenga madaraja."

Papo hapo mkulima wa Murera akasema atamnunua Kijivu alimie. Mwongeli aliona kama kaka yake anazikwa mara ya pili.

Siku ya mnada ilipokaribia, alimdunga Kijivu mwiba wa mgunga chini ya mguu, akikusudia kuuchomoa baadaye. Mwiba ukakatikia ndani. Akampaka povu la sabuni mdomoni, akakimbia nyumbani.

"Baba! Kijivu anachechemea, na mate yanamtoka!"

Kagwe, bwana mifugo, alifika kwa baiskeli akihofia ugonjwa wa miguu na midomo. Alimfungua Kijivu mdomo, akamtazama kwato zilizojaa matope.

"Malengelenge siyaoni, lakini siwezi kubahatisha," alisema. "Mpaka nirudi, ng'ombe wasitoke kijijini hapa, wala maziwa."

"Na mnada?" Nzioka aliuliza.

"Usubiri, mzee."

Furaha ya Mwongeli haikudumu. Alimkuta jirani yao Mbithe, mjane, akimwaga maziwa nyuma ya nyumba.

"Mama, mbona unayamwaga?"

"Nimpe nani? Kila boma lina yake, na Thika hayaruhusiwi. Unga wa watoto wangu hutoka kwa haya maziwa, mwanangu. Au wewe utanipa debe la unga?"

Mwongeli alikwenda zizini, akainua mguu wa Kijivu. Ulikuwa umevimba, unatoa usaha. Alimtafuta baba yake, akamweleza yote, tangu mwiba hadi sabuni.

Nzioka hakumpiga. Alimwita Kagwe, ambaye aliondoa katazo, akauchimbua mwiba.

"Usaha umeingia kwenye kiungo," Kagwe alisema. "Huyu hatavuta plau tena."

Mnada ulifanyika. Yule mkulima wa Murera aliutazama mguu, akaenda zake. Aliyebaki ni Ephantus, mchinjaji kutoka Ruiru.

"Mimi nanunua nyama, sinunui miguu," alisema akicheka.

Alilipa, na mchango wa Gatuanyaga ukatimia. Nzioka alimpa binti yake kamba, amkabidhi Kijivu kwa mkono wake mwenyewe. Mwongeli alimkabidhi huku machozi yakimtiririka.

"Baba, nilitaka abaki tu."

"Najua. Hata mimi kumtoa kuliniuma." Nzioka alimfuta machozi. "Uongo wako ulimnyima Mbithe unga, ukamlemaza ng'ombe uliyempenda. Siku nyingine jambo likikuuma, liseme lilivyo. Ungeniambia, 'Baba, sitaki aende,' ningetoa mbuzi."

Mwongeli alimtazama Kijivu akiondoka. Kila baada ya hatua chache ng'ombe alisimama kuupumzisha mguu, na Ephantus akaivuta kamba.