Ukuta wa Buluu wa Bi Zakiya

Jumamosi saa tano ya asubuhi, duka la rangi lililo karibu na Marikiti hujaa mpaka mlangoni, na humo ndani kila mtu ana haraka kuliko mwenziwe. Mutanu alisimama mbele kabisa, kavaa suruali pana ya kitani na blauzi ya rangi ya bizari, leso kajitupia mabegani kwa kuwa alikuwa anaelekea Mji wa Kale. Mkononi alishika kitambaa cha buluu, na alikuwa anamkatalia mwuzaji kwa mara ya tatu.

"Ongeza nyeusi kidogo. Hii bado ni buluu ya sare za shule."

"Dada, hiyo utakayo ni ya kupaka meli," sauti ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, chokaa imemkaukia mpaka kwenye nyusi, na begani ana mfuko mzito alioushika kama mtoto aliyelala.

"Na wewe umekuja kununua ya kupaka nini?"

"Mimi sipaki. Mimi ni mwashi, naponya kuta. Nyinyi watu wa rangi huja baadaye kuzipamba."

"Mganga mwenyewe mbona amejaa unga?"

Foleni nzima ikacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Mutanu akaona meno mazuri na macho yasiyo na papara. Aliitwa Mung'aro, Mgiriama aliyeanza kukanda chokaa na mjomba wake tangu alipomaliza shule. Mutanu akamwambia kwamba yeye ni mtoto wa mtaa wa Mbaraki, baba alitoka Machakos kuja kuendesha kreni bandarini, na kwamba sasa anakwenda Kibokoni, kwa Bi Zakiya, kuipamba nyumba yake.

"Basi tupande tuktuk moja," akasema Mung'aro. "Ukuta ninaouponya ni wa huyo huyo."

Ingekuwa heri tuktuk ile ingeharibika njiani. Haikuharibika. Iliwafikisha salama mpaka mlangoni, wakishuka huku wanachekana kama watu waliojuana mwaka mzima.

Bi Zakiya alikuwa mjane wa miaka sabini na minne, mwembamba, mnyoofu, na nyumba yake ya mawe ilikuwa ya mababu. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na hina ingetiwa humo, ukumbi wa juu, baada ya wiki nne. Wageni wangepitia ukumbi wa chini, na ukumbi wa chini ulikuwa mweupe, mtupu, unanuka unyevu.

"Nataka nyumba ya kale, lakini sitaki kaburi," alimwambia Mutanu. "Nitilie rangi. Nitilie mambo ya kisasa. Wenzangu wakiingia, washike vitwa."

Mutanu alikuwa amepamba saluni mbili na ofisi moja ya wakala wa forodha. Hii ilikuwa nyumba yake ya kwanza ya maana. Alikwisha kuiona yote kichwani: ukuta mkubwa wa magharibi uwe buluu nzito inayong'aa, vidaka vyake, vile vishubaka vya ukutani, ndani viwe rangi ya komamanga, sakafu iwe ya vigae laini vyeusi, viti viwe vya chini vilivyonyooka, na juu boriti za mikoko zibaki kama zilivyo, taa ndefu za shaba zikining'inia katikati yake. Alipokuwa akieleza, mikono yake ilikwenda huku na huku, na Mung'aro akasahau kwamba ameshika mwiko.

Usiku ule simu ililia.

"Umekula, Bibi Rangi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Vumbi tupu. Sasa nataka kitu kitamu, nikaona nisikie sauti yako."

"Maneno hayo umewaambia wangapi?"

"Kuta. Kuta zote za Kibokoni zimeyasikia, hakuna hata mmoja ulionijibu."

Wiki haikwisha, wakawa wapenzi. Mchana walikula viazi vya karai vibarazani, magoti yakigusana. Mung'aro hakujua kumnyima kitu. Akitaka ngazi ihamishwe, ilihamishwa. Akitaka madafu, yaliletwa. Mutanu alilipenda hilo, na nani asingelipenda? Tabu ilikuwa ukuta wa magharibi.

Ukuta ule ulikuwa umeloa. Masika ilikuwa imepamba moto, mlizamu wa paa, ule mfereji wa kutolea maji ya mvua, ulikuwa umevuja miaka, na Mung'aro alipobandua lipu ya zamani mawe yalimtolea maji mkononi. Alitaka kuupiga chokaa upya.

"Itakauka lini?" aliuliza Mutanu.

"Miezi miwili. Kwa mvua hizi, labda mitatu."

"Mung'aro! Hina ni baada ya wiki tatu sasa. Tia simiti, ikauke, nipake."

"Nyumba hizi hupumua, kipenzi. Chokaa hunywa maji ikayatoa. Ukiufunga ukuta kwa simiti, halafu ukaupaka rangi ya mafuta juu yake, yale maji yatatafuta pa kwenda."

"Yataenda wapi?"

Mung'aro aliinua macho. Juu yao vichwa vya boriti vilikuwa vimechomekwa ukutani, vimebeba ukumbi wote wa juu. "Huko," akasema.

Mutanu alimfuta chokaa kwenye shavu kwa kidole gumba. "Imesimama miaka yote hiyo, itaanguka kwa wiki tatu? Baada ya harusi utaibomoa, utie chokaa yako. Nifanyie mimi, fundi wangu. Sitakuomba tena."

Mung'aro alizitazama boriti mara moja tena. Kisha akasema, "Haya."

Hapo ndipo ninapomlaumu, wala simwonei haya. Mutanu aliambiwa, lakini hakujua uzito wake. Mung'aro alijua. Mjomba wake alimfundisha jambo hilo kabla hajamfundisha kushika mwiko, naye aliliuza kwa kidole gumba kimoja.

Ukumbi ulipokwisha, watu walikuja kuuchungulia. Buluu ilikuwa nzito mpaka ukatamani kuigusa, na vidaka viliwaka ndani yake. Bi Zakiya alizunguka mara mbili, akasema, "Mashallah, sasa hata mimi naweza kuolewa." Picha zikaenda kila simu ya mji, na watu wawili wa Nyali wakampigia Mutanu kumtaka kwa nyumba zao.

Siku ya kumi baada ya rangi kupakwa, Mung'aro aliona lengelenge. Lilikuwa dogo, juu karibu na dari, limejaa maji. Alilitoboa likatoa harufu ya tope. Akapanda ngazi, akaudidimiza msumari kwenye kichwa cha boriti, nao ukazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Ile boriti ilikuwa imechoka tangu zamani, lakini ilikuwa kavu. Sasa ilikuwa inakunywa maji ambayo yeye mwenyewe aliyafungia njia. Alishuka, akajibu simu ya Mutanu, akamsikia akicheka kwa furaha, naye asimwambie.

"Kesho tutakula wapi, laazizi?"

"Kesho nina kazi Kilifi."

"Kilifi? Tangu lini?"

"Ni kazi ya siku chache tu."

Akaacha kupokea simu. Kila asubuhi, Mutanu asipokuwapo, alikuja kuupima ukuta, akijiambia kesho nitasema. Ukuta ulizidi kuvimba. Alhamisi ya hina ilipofika, uvimbe ulikuwa mkubwa kama sinia, na ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo.

Adhuhuri hiyo Mutanu alikutana na Bi Zakiya mlangoni, bibi amevaa dera jipya la kijani, udi unafuka.

"Yule fundi wako yuwaja kila siku asubuhi," alisema bibi. "Hata sasa yuko ndani. Mbona humwambii hata ale kwanza?"

Mutanu alimpita bibi mlangoni. Kilifi! Aliingia ukumbini na ua la asumini mkononi, akamkuta Mung'aro juu ya ngazi, ana tindo na nyundo, anaubomoa ukuta wake. Vipande vya buluu vilikuwa vimetapakaa kwenye vigae.

"Wewe!" alipiga kelele. "Unanidanganya uko Kilifi, kumbe waja kuniharibia? Kwa sababu nimeitwa Nyali?"

"Mutanu, nisikilize."

"Ungeniambia tu hunitaki! Siku ya hina, Mung'aro? Leo?"

"Weka mkono hapa."

"Siweki!"

"Weka mkono, nakuomba."

Aliweka. Ukuta ulikuwa laini. Chini ya rangi yake ya kung'aa kitu kilisogea, maji yakamtiririkia mpaka kiwikoni, na juu yake mti ukalia mlio mfupi mkavu. Wakati huo huo, dari ikatetemeka. Ukumbi wa juu wanawake walikuwa wameanza kupiga vigoma, na arobaini kati yao walikuwa wanacheza chakacha.

"Tangu lini umejua?" Mutanu aliuliza, mkono ungali ukutani.

"Siku ya kumi."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unacheka."

Hawakuwa na wakati wa kugombana. Mung'aro aliburura nguzo mbili za jukwaa lake la uashi, akazikaza chini ya boriti. Moja ilishika. Nyingine ilitereza, maana vigae vile vizuri vilikuwa laini kama kioo. Akaitia bega, akaikanyaga kwa miguu yote miwili. "Nenda juu uwatoe. Washuke kwa ngazi ya nyuma, taratibu, wasikimbie. Nipigie simu, na usiikate."

Juu kulikuwa na joto, manukato na vifijo. Bibi harusi alikaa kwenye mito, mikono na miguu imejaa hina mbichi. Mutanu alimnong'oneza Bi Zakiya, aliyekwisha kupanda kwa wageni wake, na bibi akamtazama kwa jicho kali.

"Siku ya furaha yangu waja kunitolea mkosi? Nyumba hini imewazika babu zangu wote. Nenda zako ukapumzike, mwanangu."

Mutanu alitazama wanawake wale waliokuwa wakimsifu tangu ukumbi ulipokwisha, wengine wakimwulizia bei. Kisha akasimama katikati ya ngoma, akapaza sauti.

"Sakafu itaanguka! Ni kosa langu. Fundi alitaka chokaa, mimi nikamlazimisha atie simiti ili rangi yangu iwahi leo. Boriti zimeoza. Shukeni!"

Ngoma ikakatika. Katika kimya kile wote waliusikia ule mlio kutoka chini, safari hii mrefu. Mama mmoja akasema "La ilaha illallah," na wakaanza kwenda, mmoja mmoja kwa ngazi ya nyuma, wamembeba bibi harusi ili hina isiharibike. Wengine walimtupia Mutanu macho ambayo hatayasahau.

"Wangapi bado?" Mung'aro aliuliza kwenye simu. Pumzi zake zilikuwa fupi.

"Wametoka. Amebaki Bi Zakiya. Amekaa chini, hataki."

Bibi alikuwa ameketi katikati ya mito, ameshika magoti. "Humu ndimo nilimokuwa bibi harusi," alisema. "Ikianguka, na iniangukie. Niache."

"Mung'aro, toka," Mutanu alilia. "Mimi nitamburuta. Wewe toka sasa hivi."

"Hapana."

Hakuwahi kumwambia neno hilo. Mutanu alidhani amesikia vibaya. "Nakuomba! Nakuomba, mpenzi wangu, nifanyie mimi."

"Hapana, Mutanu. Nikiiachia, mtaanguka nyote wawili. Mwambie asimame."

Bi Zakiya aliinua kichwa. "Nani huyo?"

"Ni fundi. Yuko chini yetu, ameishika nguzo kwa bega."

"Mbona hukunambia kuna mwana wa mtu tini?" Bibi alishika mkono wa Mutanu, akainuka upesi kuliko alivyoinuka kwa miaka kumi. Walishuka wamekumbatiana, wakiambaa ukuta wa ngazi ya nyuma, na walipokanyaga njia ya nje Mutanu akapiga kelele kwenye simu: "Tumetoka! Kimbia!"

Alisikia hatua mbili. Kisha simu haikusema tena, na mlango ukatema vumbi jeupe na la buluu mpaka nyumba ya pili.

Wanaume wa mtaa walimtoa kwa mikono. Alikuwa ameifikia fremu ya mlango, ila mkono wake wa kulia ulibaki ndani. Hospitali waliuokoa, lakini vidole vitatu havikukunjika tena. Mwashi asiyeweza kukunja vidole hana mwiko, na kila mtu chumbani alilijua hilo.

Mutanu alipiga magoti kando ya kitanda. Nyali walikwisha kumpigia kumwambia wametafuta mtu mwingine. "Nioe," alisema. "Nitakuwa mkono wako."

Mung'aro alimtazama kwa mapenzi yaliyomwumiza. "Hapana. Leo majuto ndiyo yanayosema. Mke wa majuto simtaki, na wewe usikubali kuwa yeye."

Alilia njia nzima mpaka Mbaraki. Bi Zakiya, aliyemaliza harusi kwa jirani, ndiye aliyewaita wote wawili. Hakuwatukana. Alisimama mbele ya kifusi chake akasema, "Mutanijengea nyinyi. Na safari hini musinifanyie haraka."

Basi walijenga. Mung'aro alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono kifuani, na Mutanu akashika mwiko kwa mara ya kwanza, waashi wengine wakimcheka kimya kimya. Alipiga chokaa asubuhi nzima. Mung'aro akaja, akagusa, akasema, "Hapana. Bandua." Akabandua. Kesho yake tena, "Hapana." Kuna siku Mutanu alitupa mwiko akamtukana kwa Kikamba, naye akangoja amalize, akasema tena hapana. Vidole vya Mutanu vilipasuka, vikapona, vikawa vigumu. Hawakupigiana simu usiku. Hawakugusana magoti. Ukuta uliinuka, ukakaa wazi bila rangi miezi mitatu, na kila Ijumaa Bi Zakiya aliuwekea kiganja.

Ijumaa moja ya Novemba, wamebaki wawili ukumbini, Mutanu alimwuliza tena kama atamwoa. Hakupiga magoti, wala hakulia.

Mung'aro aliuwekea ukuta kiganja, kisha akamtazama usoni.

"Ndiyo," akasema.

Mutanu akaketi pale pale sakafuni na chokaa yake, kwa kuwa sasa alijua mtu huyu angeweza kumkatalia, na hakumkatalia.