Nakupa Kaniha

Koleta, mpishi wa shule, ameshachoma kila kitu katika jiko lile: madawati yaliyovunjika, miguu ya meza, hata mlango wa choo cha zamani. Kwa hiyo mwalimu Irine alipomkuta akichambua kuni, huku ubao mmoja mkuukuu ameutenga peke yake na kuugeuzia ukutani, alimuuliza umekosa nini. Koleta akasema huo hathubutu kuuchoma. Ukiufuta jioni, asubuhi unaukuta umeandikwa. Irine akacheka mpaka akashika kiuno. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Juni, watu wa Nemba wanapura maharage, na yeye alikuwa akitafuta ubao wa kutundika barazani kwake.

"Nipe mimi, dada Koleta," alisema. "Kama unajiandika wenyewe, utanipunguzia kazi."

Huyo ndiye Irine. Kwake namba ni mchezo, na watoto wa jirani wote wameonja mafumbo yake. Sheria yake ni ile ya vitendawili: ukishindwa, unatoa mji. Hapo mtegaji anauendea huo mji kwa mdomo, anasimulia alivyopokelewa na alichokula, ndipo anakupa jibu. Watoto humpa Dodoma, humpa Mwanza, miji ambayo hawajaikanyaga. Tena amewafundisha kuandikiana siri kwa namba: A ni moja, B ni mbili, mpaka Z ishirini na sita. Wazazi hulalamika kwamba siku hizi hata kuitana chakula ni kwa namba.

Kwao ni Kaniha, na huko hakuna anayemwita Irine. Huko ni Nyandwi. Mama yake, Eustakia, mjane wa siku nyingi, ni Mhangaza wa Nyamiaga aliyeolewa Biharamulo, na aliyatunza majina ya kwao: mtoto wa saba ni Nyandwi. Angefuata wa nane angeitwa Minani, lakini Eustakia aliishia saba, akamshukuru Mungu.

Jumatatu hiyo Irine aliutundika ubao, akaandika 2, 5, 10, 17, na nafasi moja tupu. Watoto wakasumbuka nayo hadi jioni, binti mmoja akapata 26. Irine akafuta, akaingia ndani.

Jumanne asubuhi alikuta 3, 6, 12, 24, na nafasi. Mwandiko umelala upande, wa kizamani. Chaki nyekundu.

Irine akatabasamu. Mwalimu mwenzake Pancras anakaa nyumba ya pili na hapitwi na utani. Akaandika 48 akaenda shambani. Jumatano, kando ya 48 palikuwa na alama ya pata, na chini yake 1, 1, 2, 3, 5, 8, na nafasi. Akaandika 13. Alipomtania Pancras juu ya chaki yake, Pancras alikana na kuapa, akasema chaki nyekundu shuleni iliisha tangu mwezi wa pili. Irine hakumwamini.

Alhamisi hapakuwa na nafasi ya kujaza. Zilikuwa namba tu: 11, 1, 14, 9, 8, 1.

Alijumlisha, akatoa, akazidisha. Aliziandika kwenye kanga kwa majivu wakati akipika. Namba hazikushikana. Hilo lilimuuma, maana hajazoea kushindwa, lakini sheria ni sheria, na yeye ndiye aliyeitunga. Magharibi alichukua chaki akaandika chini yake: Nimeshindwa. Nakupa Kaniha. Angeweza kutoa Dodoma kama watoto. Ila mtu akichoka hutaja kwao.

Ijumaa alikuta maneno. Nimefika Kaniha. Nimepokelewa vizuri. Nimekula. Na chini, peke yake, namba 7.

Jumamosi maneno yalikuwa yamefutwa na 7 imekuwa 6. Simu ikalia. Alikuwa kaka yake Danstan, kifungua mimba wao, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka kwa mama. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Nyandwi, mama amenipa shikamoo."

"Anakutania."

"Ameniuliza mimi mtoto wa nani."

Jumapili ubao ulisema 5, na mama alikuwa amemsahau Melania, wa pili. Irine hakusubiri kuelewa. Alipakia nguo mbili akapanda bodaboda kwenda Kaniha.

Alimkuta mama yake kitandani, mwanamke aliyekuwa akilima nusu ekari kabla ya chai. Mama alimtambua. Alimshika mkono, akamwita Nyandwi, akamsimulia habari za mgeni. Alikuja Alhamisi usiku, mzee wa shati jeupe, vidole vyekundu kama mtu aliyechambua mbegu zilizotiwa dawa. Alisema ametumwa na mwanawe mwalimu. Eustakia akampa sahani ya mgeni. Katika nyumba ile chakula hakipakuliwi bila sahani ya mgeni; hata mwaka wa njaa ilipakuliwa, ikafunikwa, na asipotokea mtu iliamkia kwa mtoto wa jirani. Mzee alikula yote. Halafu akaomba kitu kimoja tu, atajiwe majina ya watoto. Mama akayataja, na mzee akawa anakunja kidole kwa kila jina.

Irine aliyarudia maneno hayo moyoni. Ametumwa na mwanawe mwalimu. Nani alimtuma, kama si yeye?

Walimpeleka mama hospitalini. Malaria hakuna, presha nzuri, sukari nzuri. Padri alikuja, akasali. Kila asubuhi Irine alimpigia Pancras amsomee ubao, na Pancras, ambaye sasa hakuwa na utani hata kidogo, alisoma. Jumatatu 4. Jumanne 3. Na kila namba iliposhuka, Eustakia alisahau mmoja na kupungukiwa na kitu. Siku ya nne aliacha kukaa. Siku ya tano aliacha kula. Mwili wake ulikuwa unamfuata kila mtoto anayeondoka, na Irine hakuhitaji kuambiwa ni nini kingetokea sifuri ikifika. Walimrudisha nyumbani, kwa kuwa mwenyewe aliomba afie kwake.

Jumatano Pancras alituma picha. Namba 2 katikati ya ubao, na nyuma yake, kwa mbali, zile sita za Alhamisi ambazo dasta haikuziweza. Irine alizitazama akiwa amekaa kwenye kizingiti. Kumi na moja. Akahesabu kwa vidole kama anavyowafundisha darasa la tatu: A, B, C, D. Ya kumi na moja ni K. Moja ni A. Kumi na nne ni N.

Hakuhitaji kumaliza. Kaniha ilikuwa imeandikwa ubaoni tangu asubuhi ile. Haikuwa fumbo la kukokotoa. Kilikuwa kitu kinaomba, na kikingoja kipewe kwa mkono wake.

Alilia pale kizingitini, kwa hasira zaidi ya hofu. Alilia mpaka hasira ikabaki peke yake. Danstan akataka watafute mganga wa kuvunja uchawi. Irine akasema mganga wa nini, mchezo una sheria, na yeye sheria hizo anazijua. Mji huchukuliwa kwa fumbo, na kwa fumbo hurudishwa. Akampigia Pancras.

"Ufunge ubao kwenye bodaboda uniletee. Na chaki nyeupe."

"Nyandwi." Pancras hakuwahi kumwita hivyo. "Na ukishindwa tena?"

"Nitashindwa nimesimama."

Alhamisi saa sita mchana ubao ulishushwa uani Kaniha, jua liko utosini. Katikati yake palikuwa na 1. Pancras hakutaka kuingia ndani; alikaa barabarani na mwenye bodaboda. Danstan alikuwa kwa mama, akimlowesha midomo kwa maji. Irine akauegemeza ubao kwenye ukuta wa jiko. Hakuifuta ile 1. Akaandika juu yake kwa herufi kubwa:

Sahani anazopakua mama, mbali na yake, tukiondoka mmoja mmoja: 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1, na baada ya hapo?

Akachora nafasi. Akasimama kuutazama.

Hakuna kilichotokea. Kuku walipita. Kivuli cha mgomba hakikusogea. Akaelewa kwamba kilichokuwa ubaoni hakiandiki kikitazamwa, kama mwanafunzi anayefunika daftari. Ili kijibu, ilimpasa akipe mgongo.

Aliogopa. Anakiri hivyo mwenyewe. Lakini aligeuka.

Akaangalia mlango wa mama. Akaweka mikono kiunoni.

"Kitendawili," alisema.

Kuku wakaacha kuparura.

Kisha pumzi. Karibu. Ilinukia vumbi la darasa.

"Tega," ikanong'ona.

"Nimeshatega. Jibu."

Chaki ikakwaruza. Mara moja, polepole, mviringo mzima. Ndani, Danstan alimwita kwa sauti ya mtu anayezama: mama hapumui vizuri. Irine hakukimbia. Alitaka kukimbia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Aligeuka. Katika nafasi palikuwa na sifuri, nyekundu, imelowa.

Irine akacheka. Hakucheka kwa furaha. Alicheka kama mtu aliyempata mwizi na mkono wake ndani ya chungu.

"Umekosa," alisema. Akaikata ile sifuri kwa alama ya kosa, kubwa, mpaka chaki ikavunjika. "Tulikuwa saba, akapakua nane. Akabaki mmoja wetu, akapakua mbili. Tulipoondoka wote akabaki na moja, na ikaendelea kuwa moja, kila siku, miaka yote. Ni sahani ya mgeni. Umekaa hapa hapa ukaila ukashiba, halafu unaihesabu sifuri."

Alisogea mpaka pua yake ikakaribia ubao.

"Umeshindwa. Nipe mji."

Hakukuwa na upepo, lakini ubao ulitikisika ukutani.

"Sitaki Dodoma. Nipe mji."

Akaupa mgongo tena, safari hii kwa makusudi, bila haraka, kama mwalimu anayemngoja mtoto mkaidi. Chaki ikakwaruza kwa muda mrefu. Iliandika kwa nguvu, na kwa chuki. Iliponyamaza, kuku wakaanza tena kuparura.

Nakupa Kaniha, ubao ulisema. Ile 1 ilikuwa imefutika. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na namba nyingine ndogo ndogo. Irine hakuzisoma, kwa sababu wakati huo mama yake alikuwa amemwita Danstan kwa jina lake.

Aliingia mbio. Eustakia alikuwa amekaa. Amekaa mwenyewe, anataka uji, anauliza kwa nini amefungiwa ndani mchana wote kama mwali. Danstan alikuwa amepiga magoti analia bila aibu. Irine alimkumbatia mama yake, akanusa moshi na sabuni kwenye kitambaa chake, akajisikia amerudishiwa dunia nzima. Mama akawasukuma, akasema wanambana, akaanza kuhesabu wanawe kwa vidole, mmoja mmoja, kama mtu anayekagua mifugo jioni. Danstan. Melania. Hakukosea hata mmoja. Kidole cha saba, Nyandwi.

Halafu akakunja cha nane.

"Na Minani yuko wapi?" aliuliza. "Hajala, huyu."

Danstan alimtazama dada yake. Irine alitoka nje, akaenda hadi kwenye ubao, akachuchumaa pembeni kule chini. 13, 9, 14, 1, 14, 9. Safari hii hakukokotoa. Kumi na tatu ni M. Alizisoma mpaka mwisho, akasimama, akaenda kuchukua shoka la Danstan.

Aliupasua mwenyewe, vipande kumi na viwili, akachochea moto akainjika maharage. Uliwaka kama kuni nyingine yoyote. Maharage yaliiva, wakala wote, hata Pancras aliyebembelezwa. Koleta alipopata habari alifanya ishara ya msalaba, kisha akauliza kama yalikuwa matamu.

Eustakia ni mzima hadi leo na shamba analima. Ni kitu kimoja tu kilichobadilika. Jioni hupakua sahani mbili zaidi ya yake. Ukimuuliza, hujibu bila kuinua macho kwamba moja ni ya mgeni na nyingine ina mwenyewe.

Kila Irine anapokwenda kwao, hiyo yenye mwenyewe huivuta mbele yake akaila yote, polepole, akitazama mlango. "Kitinda mimba wa nyumba hii ni mimi," husema, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. Mama hukasirika kidogo. Irine hula hadi tonge la mwisho, husafisha mchuzi kwa kidole. Na pale chini, mahali palipokuwa pamefunikwa na maharage ya moto tangu yalipopakuliwa, hukuta alama ya pata, nyekundu, kavu, ya chaki.