Mke wa Ghorofa ya Tatu

"Hujajifungua tu, bibie?"

Fundi viatu alimuuliza hivyo, misumari mdomoni, hata kabla Mama Kijacho hajatua sanduku lake chini. Ndiyo kwanza ameshuka kwenye teksi, miguu imevimba, mimba ya miezi saba imemkaba kifuani, na nchi ile hakuwahi kuikanyaga tangu azaliwe.

"Umenifananisha, babu. Mimi nimefika leo."

Mzee akamtazama usoni, akashuka na macho hadi tumboni, akapanda nayo tena. "Haya," alisema, akainamia soli yake. Lakini hakugonga hata msumari mmoja mpaka mgeni alipomaliza ngazi zote hadi ghorofa ya tatu.

Mumewe alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Alimpokea mkewe kwa machozi, mikono inanuka wanga na mvuke, akamkalisha, akamvua viatu. Hawakuwa wameonana tangu likizo yake ya nyumbani miezi saba nyuma, na sasa walikuwa na wiki mbili tu. Daktari wa nyumbani alishaandika kwenye barua: ikizidi hapo, hakuna ndege itakayompakia, atazalia ugenini.

Usiku ule Mama Kijacho alipopanda kitandani, aliteleza akaingia shimoni. Godoro upande wake lilikuwa limebonyea. Bega likapata pa kukaa, nyonga ikapata pake, na kwa kuwa mama huyu alilalia ubavu wa kushoto, hata tumbo lake likakuta kijishimo chake, cha mviringo, kinamngoja.

Sasa hapo mwanamke mwenye akili zake atawaza nini? Atawaza mke mwenza, hamna lingine! Asubuhi mume alipokwenda kazini, Mama Kijacho alifanya upelelezi ambao polisi hawauwezi. Alinusa kola za mashati. Alikung'uta mito. Alichokoa tundu la bafuni kwa uma akitafuta nywele ndefu. Hakupata kitu, ila harufu tu, ya maziwa yaliyogandia kwenye nguo ya mama anayenyonyesha. Harufu hiyo ilikuwa inamfuata. Akienda jikoni, ipo. Akirudi, imeshakaa.

Siku ya tatu kiti cha pili pale mezani kilijisogeza. Kilikwaruza sakafu taratibu, kama kinavyosogezwa na mtu mzito, kisha kikatoa mlio kama kilichokaliwa. Na mtoto, aliyekuwa akipiga mateke bila kupumzika tangu ndani ya ndege, akanyamaza.

Siku ya tano, gauni lililokuwa halifungiki vifungo vya tumboni lilifungika.

Siku ya sita, mchana kweupe, magari yanapita barabarani na fundi viatu anagonga kule chini, Mama Kijacho alijilaza kidogo kupumzisha mgongo, akahisi godoro nyuma yake likididimia polepole, mtu anapanda, mtu anajisogeza kwa kuhema kama wahemavyo wenye mimba kubwa, na harufu ile ya maziwa ikamjaa puani, halafu tumbo gumu lenye joto likajibana mgongoni mwake, na kutoka ndani ya tumbo lile, siyo lake, lile la nyuma, akapigwa teke, mateke mawili ya haraka na moja la kuchelewa, ambayo aliyajua kuliko anavyojua jina lake kwa kuwa ndivyo mwanawe alivyopiga kila mchana tangu mwezi wa tano wa mimba, na alipopeleka mkono kwenye tumbo lake mwenyewe alilikuta limetulia, laini, kama unga uliokandwa ukaachwa.

Aliteremka ngazi pekupeku. Hakupanda tena mpaka mumewe aliporudi na kumkuta kwenye kigoda cha fundi viatu, kafunikwa koti la mzee.

"Nani unaishi naye humu?"

"Sina mtu, mke wangu. Naapa."

"Usiape! Babu, mwambie."

Fundi viatu alitema misumari kiganjani. "Mimi si mmbea," alisema, naye alikuwa mmbea hasa. "Lakini mkeo nimemwona dirishani miezi na miezi. Tumbo lilipoanza kuonekana nikasema heri. Ni huyu huyu. Ila huyu anasalimia."

Mume akakaa kwenye ngazi, akakiri kwa sauti ya chini. Kila jioni alikuwa akiegemeza simu kwenye sufuria, anaweka sahani ya pili, anamkaribisha mkewe wale pamoja, yeye huku na mke kule. Hilo mke alilijua. Asilolijua ni kwamba mtandao ukikatika, mume hakuacha. Alikigeukia kiti. "Karibu mke wangu, karibu tule, karibu tulale." Mwaka mzima anakaribisha kiti kitupu.

"Na siku moja," alisema, "sahani ikaliwa."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa mpweke."

Mama Kijacho akampigia shangazi yake, mtoa majini anayejulikana, akaweka sauti ya wazi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe baba mtu, umeoa," alisema. "Umeoa kwa mdomo wako. Sasa panda ukaache kwa mdomo huo huo. Talaka tatu, kwa sauti. Usibakize hata moja, asije akarudi kwayo. Anajaza tumbo lake kwa mtoto wako, unasikia?"

Walipanda wote wawili, simu mkononi. Kiti kilikuwa kimesogezwa kutoka mezani.

"Nimekuacha," mume alisema. Harufu ya maziwa ikachacha.

"Nimekuacha." Kiti kikatoa mlio.

Midomo ilimcheza, macho yamemganda kwenye sahani.

"Neno la tatu!" shangazi alifoka.

"Nimesema."

"Umesemea wapi?"

"Moyoni."

"Moyoni? Ulimkaribisha moyoni, mwanaizaya wewe?"

Lakini mlango ulishafunguka wenyewe. Nyayo nzito zilishuka ngazi moja moja, zikipumzika kila baada ya hatua tatu. Kule chini fundi viatu alisikika akisema, "Safari njema, bibie." Na tumboni mwa Mama Kijacho yakapigwa mateke mawili ya haraka, na moja la kuchelewa. Alilia, akacheka, akafungasha. Kesho yake alikuwa angani, na vifungo vya gauni vimekataa kufungika.

Alijifungua salama kwao: mtoto wa kike, mdogo, mwembamba, mwenye macho ya kuangaza. Siku ya arobaini, jioni, mume alipiga simu akiwa anapanda ngazi kutoka kazini, anahema.

"Mpe titi, mama. Mbona unamwacha analia hivyo?"

"Nani analia? Amelala hapa begani kwangu."

Nyayo zake zikasimama. Ndipo naye Mama Kijacho alipokisikia kilio, chembamba, cha mtoto mchanga, kikitokea upande wa pili wa simu, nyuma ya mlango.

"Usifungue," alisema. "Unanisikia? Sema la tatu. Lisemee hapo hapo nje, kisha shuka kwa mzee. Usifungue!"

Mume alijibu kwa sauti ya upole, ya baba.

"Analia kwa njaa, mke wangu."

Na Mama Kijacho akasikia ufunguo ukizunguka kitasani.