Kona ya Tangi la Maji

Sipendi kuisimulia habari hii, na nikiisimulia huwa nimekaa, kwa sababu siku hizi miguu yangu siiamini. Lakini ilimpata mdogo wangu, tumbo moja, na ilitokea sebuleni kwangu mchana kweupe. Asije mtu akaniambia niliota.

Ilianza siku ya kawaida kabisa. Nilitoka kiwandani alasiri nikiwa hoi bin taabani. Mimi nashona mikono ya mashati. Shati zima sijawahi kulishona pale. Wengine wana kola, wengine vifungo, mimi mikono tu, kutwa nzima, mguu juu ya pedali ya cherehani ya umeme. Nikifika nyumbani sitaki salamu ndefu, nataka kochi. Siku hiyo nikafungua mlango, kochi halipo mahali pake.

Pale lilipokuwa palikuwa na fremu ya chuma. Mbele yake skrini pana, usukani wa plastiki, chini pedali tatu. Katikati ya fremu, kiti cha gari cha ngozi nyeusi iliyopasukapasuka, kimebonyea katikati.

"Hiki nini?" nikauliza.

"Simuleta, dada, mashine ya kuigiza gari. Bosi kaniazima, ya kujifunzia mbio."

Mdogo wangu tunamwita Breki, kwa sababu baiskeli yake ya utotoni haikuwa nazo na alisimama kwa kugonga ukuta. Mama alipofariki aliniachia vitu viwili, Breki na cherehani, na cherehani ndiyo iliyonisumbua kidogo. Sasa alikuwa mtu mzima, fundi kwenye gereji ya magari ya kale, na alikuwa na bahati yake ya kwanza ya maana. Jumamosi moja mwezi ule kulikuwa na maonyesho kwenye uwanja wa zamani wa mbio, na bosi alimwahidi kwamba akilizungusha salama gari kuukuu la mbio la gereji, atakuwa dereva wao, aachane na kulala chini ya magari.

"Na hicho kiti kibovu umekiokota wapi?"

"Hicho ndicho kiti chenyewe cha lile gari. Lenyewe linapakwa rangi, nikaomba kiti. Gari la zamani linaendeshwa kwa makalio, dada. Ukikalia kiti kingine hulisikii."

"Basi mimi ni bingwa wa dunia, maana kutwa nafanyia kazi hayohayo."

Alicheka. Nilipenda kumwona anacheka. Nikaketi sakafuni, nikavua viatu, nikamtazama akijifunza.

Gari lile lilikuwa jeuri. Hata ndani ya kompyuta, lilikuwa jeuri. Injini yake iko nyuma, nzito, matairi membamba. Breki alinieleza kwamba unapaswa kupunguza mwendo kabla ya kona, gari likiwa limenyooka, kisha ukiwa ndani ya kona ushike mafuta kidogo bila kuyaachia. Ukiogopa ukanyanyua mguu ghafla, nyuma inakosa kushika barabara na inakuja mbele. Naye alinyanyua. Kila kona alinyanyua. Gari likazunguka kama pia, likaishia kwenye nyasi, likazunguka tena.

"Mguu wako unapiga teke," nikamwambia. "Pedali haipigwi, inabembelezwa. Njoo kiwandani nikufundishe mikono ya mashati."

"Nitaweza, dada."

Wiki nzima hakuweza. Kisha ghafla akaweza.

Nilirudi alasiri moja nikamkuta anazipita kona kwa utulivu, bega limelala, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto. Hakuwahi kuinamisha kichwa hivyo. Klachi aliikanyaga mara mbili kila anapobadili gia, kwa upole, kama mtu aliyezaliwa nayo.

"Nani kakufundisha?"

"Mwalimu."

Nikadhani ni mmoja wa wazee wa gereji. Nikamshukuru huyo mwalimu moyoni, nikaenda kulala.

Nilikuwa nusu usingizini niliposikia mlio ule mara ya kwanza. *Ko, ko.* Kisha mngurumo wa gia. Kimya. *Ko, ko.* Ulikuwa mlio wa pete inayogonga mbao. Nikafikiri, huyu naye kavaa pete lini? Halafu nikakumbuka kwamba usukani ule ni wa plastiki.

Niliamka nikaenda kutazama. Sebuleni hapakuwa na mtu. Breki alikuwa ameacha ujumbe kwenye simu kwamba ameitwa gereji. Skrini ilikuwa imezimwa. Pedali ya mafuta ilikuwa inapanda, polepole. Na kile kiti, pale katikati palipobonyea, kilikuwa kinafutuka taratibu, kama kinavyofanya kiti mtu akitoka kukaa.

Nilijiambia ni uchovu. Mtu akichoka kama mimi anaona mengi, na huwa nayaacha yapite.

Siku iliyofuata umeme ulikatika kiwandani, tukaruhusiwa mapema. Breki alikuwa amesahau simu yake nyumbani, nikaona niipitishe gereji. Yeye alikuwa ametumwa vipuri, kwa hiyo nilimkuta bosi peke yake, anapangusa lile gari. Lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Ndani, mahali pa kiti, palikuwa na shimo.

"Nashukuru sana kwa huyo mwalimu mliyempa mdogo wangu," nikasema. "Kabadilika kabisa."

Bosi akaacha kupangusa.

"Mwalimu gani?"

"Mwenyewe anamwita Mwalimu tu. Jana nikiwa kitandani nilimsikia akigongagonga usukani kabla ya kona, nadhani ana pete."

Alikikunja kitambaa chake cha kupangusia. Kisha akakaa kwenye tairi, na aliponijibu alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Mwalimu alitufundisha sote hapa. Alifia kwenye gari hili, mama. Uwanja uleule wa Jumamosi, kona ya tangi la maji, ukutani. Alikuwa na mazoea hayo ya pete, kila kona, mara mbili." Akajifuta uso kwa kitambaa kilekile cha mafuta. "Watu walisema pedali ilikwama. Mimi nilifungua kila kitu kwa mikono yangu. Haikukwama. Tulipomtoa, mguu wake ulikuwa bado umekanyaga. Tuliunyanyua watu wawili."

"Na kiti?"

"Kiti ndicho kitu pekee ambacho hakikuvunjika."

Nilirudi nyumbani. Breki alikuja jioni jua halijazama, nikamweleza yote. Nilitarajia acheke, au aogope. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Najua ni nani," akasema.

"Unajua?"

"Dada, hajawahi kunidanganya." Alikuwa ananong'ona, macho kwenye skrini tupu. "Kila kona anayonionyesha iko sawasawa. Ananiambia lini. Mimi nafuata tu."

"Na kona ya tangi?"

Akaupangusa usukani kwa kiganja.

"Breki. Kona ya tangi?"

"Hatujafika. Kila siku ananisimamisha kabla yake. Anasema ile tutaipita Jumamosi."

Nilimsihi. Nilimshika mkono kama alipokuwa mtoto. Akanibandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, akasema hii ndiyo nafasi yake, na mimi nimechoka, nikapumzike. Hilo la mwisho liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutamani kumwamini.

Ijumaa bosi angekuja kuchukua kiti. Alhamisi niliomba ruhusa kiwandani, nikangoja Breki aondoke, nikafunga mlango. Nilitaka kujua huyo mtu anampeleka wapi mdogo wangu. Nikawasha mashine kama nilivyomwona akiwasha. Nikakaa.

Kiti kilikuwa na joto.

Mimi sijui kuendesha hata toroli. Lakini mikono ilijua. Klachi mara mbili. Gia. Mafuta kidogo, kidogo. Kona ya kwanza ikapita laini kama mshono mzuri, ya pili pia, na naapa nilifurahi. Uchovu wote ulinitoka. Sikuwa na magoti wala mgongo. Nilielewa kwa nini Breki alinibandua vidole.

*Ko, ko.* Kidole changu ndicho kilichogonga.

Tangi la maji likatokea mbele, jeupe, na ukuta chini yake. Hapo ndipo pa breki. Hata mimi niliona. Nikataka kunyanyua mguu.

Haukunyanyuka.

Kitu kizito kilikuwa juu yake. Kizito kama kiatu chenye mguu ndani. Kikakandamiza. Pedali ikashuka mpaka chini. Sikioni mwangu pakaja pumzi yenye harufu ya petroli.

"Usiachie."

Ukuta ukaja. Skrini ikawa nyeusi.

Kwenye kile kioo cheusi niliona sebule yangu, pazia, kochi lililosogezwa. Nilijiona nimekaa. Lakini nilikuwa nimekaa juu mno, mbali na kiti, mikono miwili yenye glavu imenizunguka kiunoni. Nilikuwa nimepakatwa.

Sikupiga kelele. Niliteleza chini, nikatambaa mpaka chumbani, nikachukua mkasi wangu mkubwa wa vitambaa. Nilikikata kile kiti. Ngozi, pamba, kamba, vyote. Nilikata mpaka malengelenge yakatoka viganjani, nikawa nalia na kukata, na springi zikitokeza. Breki alinikuta nimekaa katikati ya mabaki.

Hakunipigia kelele pia. Ingekuwa afadhali.

"Umeniua, dada," akasema.

Jumamosi bosi alimfungia kiti cha gari jingine. Nilisimama uwanjani nyuma ya kamba, kucha zimezama kwenye viganja vyenye malengelenge. Gari likaja likiunguruma. Alizipita kona vibaya, kwa woga, akisitasita, watu wakaanza kunong'ona. Nilimwomba Mungu azidi kuogopa. Likafika kwenye tangi. Mguu wake ukanyanyuka, kama siku ile ya kwanza sebuleni, na nyuma ikaja mbele, gari likazunguka kama pia, likaishia kwenye nyasi, hatua chache kutoka ukutani.

Watu walicheka. Mimi nililia kwa sauti mpaka mama mmoja asiyenijua akanishika.

Udereva aliukosa. Alirudi chini ya magari, mafuta usoni. Kwa muda alikula gerejini, kisha jioni moja akaniletea chai bila kuambiwa, akakaa karibu yangu.

"Siku ile nilijaribu kutoachia," akasema. "Mguu ulinyanyuka wenyewe."

"Na yeye? Alikuwepo?"

"Hapana. Nilimwita njia nzima. Kiti kilikuwa kitupu, dada. Nilikuwa peke yangu."

Nikashusha pumzi. Nilidhani hiyo ilikuwa habari njema.

Mkono wa shati una kona moja mbaya, ile ya kwapani. Ukiifikia unapunguza, unageuza kitambaa, ndipo unaendelea. Nimeipita maelfu kwa maelfu. Asubuhi moja nilikuwa naikaribia, nusu ya akili yangu imelala kama kawaida. Mwenzangu wa mashine ya pembeni akageuka.

"Kumbe umeolewa kimyakimya? Nasikia pete."

Nikatazama mkono wangu. Kidole kilikuwa kinagonga meza. *Ko, ko.*

Mguu ukashuka. Cherehani ikaunguruma. Kitambaa kikakimbia, kona ikapita, sindano ikapanda juu ya ukucha wangu ikashuka, ikapanda ikashuka. Msimamizi alikuwa anakuja mbio.

"Achia pedali! Achia!"

"Siwezi," nikamwambia. Nilisema polepole tu. Nilikuwa nimechoka.

Alizima umeme. Hata mashine ilipokaa kimya mguu uliendelea kukanyaga. Waliunyanyua watu wawili.

Sasa niko kitengo cha kukunja mashati, hakuna pedali. Breki yuko hai, ameoa, ana mtoto anayefanana na mama yetu, na nikiulizwa kama ningekata tena kile kiti, ningekata. Ila kitandani kwangu, kwenye ubao wa upande wa miguu, kulia, pameanza kubonyea. Mbao ngumu, imebonyea kwa umbo la unyayo, na kila nikibadilisha matandiko naona imezidi kidogo. Ubao wa kichwani una vishimo viwili vya mviringo. Sijawahi kuvaa pete maishani mwangu.

Nalala mapema. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala, mgongo umechoka, mabega yamechoka, mguu wa kushoto umechoka. Wa kulia haujachoka.