Simu ya Siku ya Kumi na Nne

Kila Jumanne asubuhi, nyumba ya Laurensia hujaa sauti. Ni sauti nyembamba za vifaranga mia nne walioanguliwa pamoja. Laurensia anaishi Pangani, Kibaha. Mashine yake ya kutotolesha mayai iko kwenye chumba cha nyuma. Amefanya kazi hii miaka sita. Hata hivyo, kila Jumanne hufungua mlango wa mashine polepole na kusema, "Mungu wangu!"

Mumewe, Castory, ni karani wa halmashauri. Hupenda kumtania mkewe.

"Miaka sita, na bado unashangaa?"

"Kwani wewe hushangai? Jana lilikuwa yai. Leo lina macho, linaniangalia!"

Castory hucheka, kisha huinama naye kuangalia. Ukweli ni kwamba hata yeye hushangaa. Ila hapendi kusema.

Wateja wa Laurensia wako Kibaha na Kisarawe. Wengine wako mbali, Msimbu na Maneromango, ambako mvua ikinyesha barabara haipitiki. Vifaranga huenda huko kwa pikipiki, ndani ya maboksi yenye matundu. Kila mteja huondoka na ahadi moja. Laurensia humwambia, "Usiogope kusahau chanjo. Siku zikifika nitakupigia."

Ahadi hiyo ndiyo iliyompa wateja. Vifaranga wake hupewa chanjo ya kideri siku ya saba. Siku ya kumi na nne hupewa chanjo ya ugonjwa wa Gumboro. Ukikosa siku, ugonjwa haukosi.

Tatizo lilikuwa ndani ya simu yake. Laurensia hakuandika majina ya watu. Mtu akinunua vifaranga, alimwandika "Kuku". Akitoka Msimbu, alikuwa "Kuku Msimbu". Akija mwingine, alikuwa "Kuku Msimbu 2". Walikuwapo pia "Kuku Mama Msimbu", "Kuku Mrefu" na "Kuku Yule wa Kanisani". Tarehe za chanjo alizishika kichwani, na nyingine aliziandika kwenye kalenda ya ukutani.

"Simu yako ina kuku wengi kuliko banda," Castory alimwambia siku moja.

"Nawajua wote," Laurensia alijibu. "Usinifundishe kazi yangu."

Mwezi wa tatu, mama mmoja wa Msimbu aitwaye Mwashi alichukua vifaranga mia mbili. Mwashi ni mama mtu mzima. Familia yake ilitoka Shinyanga zamani ikifuata malisho ya ng'ombe. Hakuwahi kufuga kuku wengi. Alisikiliza maelezo yote, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sijui kusoma tarehe vizuri. Nategemea simu yako."

Siku ya saba Laurensia alimpigia. Siku ya kumi na nne ilipofika, alikuwa na haraka. Alitafuta jina, akabonyeza, mwanamke akapokea.

"Shikamoo mama. Leo ni siku ya Gumboro. Usisahau."

"Marahaba. Haya mwanangu, asante sana. Ubarikiwe," sauti ikajibu.

Hakuwa Mwashi. Alikuwa Selina, mteja mwingine wa Msimbu, ambaye kuku wake wote alikwisha kuwauza. Selina alishangaa, lakini hakuuliza kitu. Kwetu mtu akikutakia mema, unaitikia. Utaanzaje kumwambia amekosea? Basi adabu ya mmoja ikawa hasara ya mwingine.

Wiki mbili baadaye Mwashi alipiga simu. Vifaranga walikuwa wamejikunyata na kuharisha, na kila asubuhi aliokota waliokufa. Kati ya mia mbili, walibaki sitini.

Hakutukana. Alisema tu, "Mwanangu, uliniahidi utanipigia." Kisha akakata simu.

Laurensia aliangalia simu alizopiga, akaona siku ile alimpigia "Kuku Msimbu 2" badala ya Mwashi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akalia. Alitaka kumpigia, akaona haya. Kesho yake akaona haya zaidi. Siku zikapita, miezi miwili ikaisha. Habari ilienea Msimbu, na maboksi ya kwenda huko yakapungua.

Jumamosi moja, jirani yake Eugenia alikuja kununua mayai. Eugenia anafanya kazi katika ofisi ya bima Dar es Salaam. Hutoka Kibaha alfajiri na kurudi jioni.

"Jirani, mbona umenyong'onyea hivyo?" aliuliza.

Laurensia akamweleza yote. Eugenia akaomba kuona simu. Aliangalia orodha ya majina, akajitahidi asicheke, akashindwa.

"Jirani, nisamehe. Kuku Mrefu ni kuku au ni mtu?"

"Ni mtu. Mrefu."

"Anaitwa nani?"

Laurensia alikuwa amemuuzia mtu huyo vifaranga kwa miaka mitatu, na hakujua jina lake.

Eugenia akatoa simu yake mwenyewe. "Mimi kazini nina wateja elfu moja na mia nane. Jumatatu nitawapigia kumi na mmoja. Nawajua ni akina nani na tulizungumza nini mara ya mwisho."

"Elfu moja na mia nane? Hicho kichwa kina ukubwa gani?"

"Kichwa changu ni kama chako. Jana nilisahau chumvi kwenye wali. Anayekumbuka ni huyu." Akaonyesha kioo cha simu. "Hii ni programu ya kutunza wateja. Zipo nyingi, na baadhi ni za bure. Kila mtu ana ukurasa wake. Unaandika jina lake kamili, mahali anapoishi, laini zake zote, alichukua nini na lini. Halafu unaandika jambo moja ambalo usipoliandika, mengine yote ni kazi bure."

"Jambo gani?"

"Tarehe ya kumtafuta tena. Kila mtu awe nayo. Mtu asiye na tarehe utamsahau."

Siku hiyo walianza kazi. Kwanza waliweka programu kwenye simu ya Laurensia na kuifunga kwa namba ya siri. "Haya ni majina na namba za watu," Eugenia alisema. "Hawakukupa ili uyatembeze. Waulize kama wanakubali uwaandike na kuwapigia. Na asiyetaka, umfute."

Kisha wakapiga simu, moja baada ya nyingine, kuuliza majina. Kuku Mrefu akawa Bwana Abeid wa Maneromango. Kuku Yule wa Kanisani akawa mwinjilisti Fabian. "Kuku Fundi wa Taa" na "Kuku Kisarawe" wakawa mtu mmoja, Isihaka, mwenye laini mbili. Eugenia akaunganisha kurasa zake mbili zikawa moja, ili asipigiwe mara mbili kwa jambo moja.

Jumamosi ya tatu walimaliza. Eugenia akabonyeza mahali, na namba ikatokea juu ya kioo: 214.

"Hiyo ni nini?" Laurensia aliuliza.

"Ni watu wako."

Laurensia aliinuka. Alishusha kidole polepole, majina yakapita. Msimbu. Maneromango. Kibaha Maili Moja. Kisarawe mjini. Kila jina lilikuwa banda mahali fulani, na mtu anayeamka kuwapa kuku maji. Wote hao walimwamini, na yeye alikuwa amewajaza kwenye simu bila hata kuwaita kwa majina yao.

"Watu wote hawa!" alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi nilidhani nauza vifaranga tu."

Hata Castory, aliyekuwa mlangoni, safari hii hakutania.

Waliwagawa watu hao katika makundi. Wenye vifaranga wadogo walikuwa kundi moja, hao hupigiwa siku za chanjo. Wenye kuku wakubwa walikuwa kundi la pili, hupigiwa mara moja kwa mwezi. Kundi la tatu lilikuwa la waliopotea, wale ambao hawakununua tena kwa muda mrefu.

Walipofika kwenye jina la Mwashi, Laurensia alisita. "Huyu tumfute. Hatanunua tena."

"Hapana," Eugenia alisema. "Aliyeumia ndiye wa kwanza kupigiwa. Mwekee Jumatatu."

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ililia. Laurensia aliangalia. Kioo kiliandika: "Leo, watu watatu." Chini yake, majina. Wa kwanza alikuwa Isihaka wa Kisarawe, vifaranga hamsini, siku ya saba.

Akampigia. "Kaka Isihaka, habari za asubuhi? Leo ni chanjo ya kideri. Wanyime maji kwa saa moja kwanza ili wawe na kiu. Dawa uichanganye na maji safi ya kisima, yale ya bomba huwa yana dawa ya kuua vijidudu, itaharibu chanjo."

"Dada, umejuaje? Mimi mwenyewe nilishasahau! Na safari iliyopita ulisema una mafua, umepona?"

"Nimepona. Na wewe, goti lako?"

"Hee! Hata goti unalikumbuka?"

Laurensia akatabasamu. Lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wake: goti linamsumbua. Alijisikia kama mtu aliyeongezewa kichwa cha pili.

Jina la pili lilikuwa Bwana Abeid, naye akampigia. Jina la tatu lilikuwa Mwashi. Akabonyeza "ahirisha hadi kesho".

Jumanne jina la Mwashi likaja tena. Akaahirisha. Jumatano likaja, Alhamisi likaja. Kalenda ya ukutani ilikuwa haijawahi kumfuata hivi. Ijumaa kioo kiliandika: "Mwashi, Msimbu. Umeahirisha mara nne."

"Hii mashine haina aibu," alimwambia Castory.

"Mwenye aibu ni wewe," Castory alijibu kwa upole. "Mpigie, mke wangu. Akikutukana, utakuwa umetukanwa. Utapona."

Laurensia akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Laurensia wa Kibaha. Wa vifaranga." Laurensia akaendelea kabla ujasiri haujamtoka. "Mama, siku ile ya Gumboro nilimpigia mtu mwingine nikidhani ni wewe. Kosa ni langu. Kisha nikaona haya kukupigia, na hilo ni kosa la pili. Naomba unisamehe."

Mwashi alivuta pumzi. "Kuku hufa, mwanangu. Mimi nimezika ng'ombe kwa ukame, sembuse kuku. Kilichoniuma ni kwamba hukupiga tena. Nikajiuliza, kumbe mimi nilikuwa boksi la vifaranga tu?"

Laurensia alifuta machozi.

"Wale sitini je, mama?" aliuliza mwishowe.

"Wapo. Majogoo wameanza kuwika. Wananiamsha kama nina miadi." Mwashi akacheka kidogo. Kisha akasema, "Niletee mia moja. Lakini simu ipigwe."

"Itapigwa, mama."

Vifaranga walikwenda Msimbu Jumanne iliyofuata. Siku ya saba Laurensia alipiga. Siku ya kumi na nne alipiga kabla jua halijapanda, akamwita kwa jina ili asikosee.

"Mama Mwashi?"

"Ndiye mwenyewe. Maji yapo tayari, dawa ipo kwenye baridi, mtaalamu wa mifugo wa kata ameshafika. Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Wiki sita zilipita. Mwezi huo maboksi ya kwenda Msimbu yalihitaji pikipiki mbili. Laurensia akampigia Mwashi tena kama kioo kilivyomwambia.

"Kati ya wale mia moja, wamebaki wangapi, mama?"

"Tisini na saba. Nimewahesabu mara mbili, sikuamini. Tisini na saba! Mwanangu, nikwambie kitu. Watu wakinipigia mimi huwa wana shida. Mtoto akipiga ana shida, ndugu akipiga kuna msiba. Wewe peke yako hunipigia kuuliza tu kama mambo yangu yanakwenda vizuri. Sikujua kama simu ina kazi hiyo."

Walipoagana, Laurensia alibaki ameshika simu. Kioo kilimuuliza kama kawaida: "Mmezungumza nini? Utamtafuta tena lini?"

Aliandika polepole, herufi moja moja: "Kuku tisini na saba. Mama hajambo. Nimpigie Ijumaa, hata kama hakuna chanjo."