Yai Lisilo na Mishipa

Sogeeni, wajukuu zangu. Anayetafuna ameze kwanza, nataka kimya.

Mama Kanga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliweka mayai ya kanga chini ya kuku wake ayaatamie. Siku ya kumi na nne, mchana kweupe, alijifungia stoo na bintiye, fundi cherehani. Waliziba dirisha kwa gunia ili wayapime kwa tochi. Ganda la kanga ni gumu, halitoi siri upesi. Ukiona mishipa myekundu imetanda kama mizizi, humo mna kifaranga. Ukiona mwanga mtupu, unalichora yai mkasi, ile alama ya X, kwa penseli, unalitoa.

Yalikuwa kumi na saba. Moja tu lilikuwa tupu.

"Maskini, hili limekaliwa bure," binti akacheka. Akafunika tochi kwa kiganja. "Nipime na mimi, mama. Ila usinitupe!"

"Una vituko wewe. Lete."

Kiganja cha mtu kikipigwa tochi huwa chekundu. Kile kiling'aa cheupe. Ndani yake hamkuwa na mshipa hata mmoja.

"Vipi, nimo?"

"Umo, mwanangu," mama akanong'ona. "Umo tele."

"Mbona unanong'ona sasa?" Binti akachukua penseli, akajichora mkasi kiganjani kwa utani. Mama akaudaka ule mkono, akaufuta kwa mate, akausugua kwa sabuni.

"Mama, unaniumiza!"

Lile yai tupu hakulichora. Alilirudisha kwa kuku, akajisemea moyoni: nisipolitupa hili, na wangu hatatupwa.

Homa ilimshika binti siku ya ishirini. Siku ya ishirini na sita tulimzika. Waliomwosha walikuta mkasi wa penseli kiganjani. Walisugua. Haukutoka.

Siku ya ishirini na nane wakaanguliwa vifaranga kumi na sita. Walilia nyumba nzima, hata sisi tuliokuwa matangani tukawasikia. Kuku akaondoka na wanawe. Yai lile likabaki peke yake.

Mama akaingia nalo stoo. Akawasha tochi.

Mishipa. Myekundu. Mitatu mikubwa, imepinda kama mistari ya kiganja.

"Umo," akasema. "Umo, mwanangu."

Cherehani aliirithi dada wa marehemu, na gauni lililokuwa halijapindwa. Wale vifaranga wa kanga tuligawiwa majirani. Yai Mama Kanga alilala nalo kifuani miaka tisa, na alipokufa hakuna aliyelitaka, nikalirithi mimi.

Nyoosheni viganja. Taratibu. Lina joto bado.