Mipira ya Kioo ya Bwana Kestler

Rafiki yangu Irmgard si mtu wa mzaha. Desemba moja ya vita alitumwa kiwandani kwa Bwana Kestler kuchukua mipira ya kioo ya kupamba mti wa Krismasi. Wapolandi waliotekwa na Wanazi waliipuliza kwa midomo yao, bila ujira, kisha wakaiziba, pumzi zao zikiwa ndani.

"Wanane wamekufa kwa kifua wiki hii," Kestler alicheka. "Usininunie, binti! Kesho naletewa wengine, bure."

Mpira mmoja ukamponyoka Kestler mkononi, ukapasuka. Mtu akakohoa.

"Nani huyo?" Kestler akauliza.

Hapo umeme ukakatika. Gizani wakasikia kikohozi kingine, kikitoka ndani ya sanduku la mipira. Kestler akawasha kiberiti. Mipira iliyobaki ilikuwa mizima, na ukungu ulikuwa ukitanda na kufutika, ukitanda na kufutika, kwa ndani.